Shabiki na Sauti Inayobadilika: Upokezi wa Muziki wa Radiohead

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi, neno "ushabiki" limekuwa tusi la kistaarabu. Mwanafunzi akiwasilisha tahakiki ya riwaya aipendayo, na furaha yake ikajitokeza japo kidogo, hakosi mwenzake wa kumkumbusha kwamba huo ni ushabiki wala si uhakiki. Mhakiki, kwa mtazamo huu, ni mtu aliyesimama mbali na matini akiipima bila kutikisika. Shabiki naye amepofushwa na mapenzi. Akipenda, chongo huita kengeza.

Makala haya yanaupinga mgawanyo huo, au angalau upana wake. Tunadai kwamba shabiki anayesisimkwa na mabadiliko ya sauti ya bendi yake anasikia mambo mawili kwa wakati mmoja: yale yanayochezwa, na yale ambayo yangechezwa lau bendi ingalibaki ilivyokuwa. Kusikia huko kwa namna mbili ni kazi ya kihakiki, hata kama anayeifanya hajui jina lake.

Mfano wetu ni Radiohead, bendi ya roki kutoka Oxfordshire, Uingereza. Huenda msomaji akashangaa kuikuta katika jarida la Kiswahili, lakini tumeichagua kwa sababu mahususi. Wanachama wake watano, yaani Thom Yorke, ndugu wawili Jonny na Colin Greenwood, Ed O'Brien na Philip Selway, walikutana shuleni Abingdon na kuanza kupiga muziki pamoja mwaka 1985. Jina la Radiohead walilitwaa mwaka 1991, walipotia sahihi mkataba na kampuni ya EMI. Mnamo Novemba 2025 walirejea jukwaani jijini Madrid baada ya kimya cha miaka 7, na wote watano walikuwapo. Bendi nyingi hubadili sauti kwa kuwa zimebadili watu: mwimbaji ameondoka, mpiga gitaa amefariki. Hapa watu ni wale wale, ilhali sauti imegeuka mara kadhaa. Mtafiti wa upokezi hapati kila siku hali iliyo bayana kiasi hiki.

Neno "sauti" na mzigo wake

Kabla ya kuendelea hatuna budi kutanzua tatizo la lugha. Tunaposema kwamba sauti ya bendi imebadilika, tunamaanisha nini hasa? Kiswahili kimelitwika neno "sauti" mzigo mzito. Ni ile itokayo kooni mwa mtu, ni mlio wa kitu, ni kipashio cha fonetiki tunachofunzwa mwaka wa kwanza, na hata ni haki ya mtu kusikilizwa katika mambo ya umma. Kwa mintarafu ya muziki, tunapendekeza mambo manne yatenganishwe. Kuna mahadhi, yaani mwendo wa wimbo, ule ambao mtu anaweza kuupigia mluzi akiwa njiani. Kuna mapigo. Kuna muundo, yaani jinsi beti na kiitikio vinavyopangwa. Na kuna kile tutakachokiita rangi ya sauti: sifa inayomwezesha msikilizaji kutofautisha zumari na fidla hata zinapotoa noti ile ile kwa nguvu ile ile.

Wahakiki wetu wa nyimbo, iwe ni za taarab au za kizazi kipya, huyachambua maneno kwa ustadi. Muundo hugusiwa, mapigo hutajwa, rangi ya sauti huachwa mlangoni. Matokeo yake ni kwamba tahakiki nyingi za nyimbo husomeka kana kwamba wimbo ni shairi ambalo kwa bahati mbaya mtu alilipigia ala. Kwa bendi kama Radiohead mkabala huo hautoshi kamwe, maana kilichobadilika zaidi ni rangi na muundo. Mahadhi ya Yorke, yenye huzuni na yanayopenda kupanda juu kabisa ya koo, yamebadilika kidogo mno katika muda wa miaka 30.

Upeo wa matarajio

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Mjerumani Hans Robert Jauss alitoa mhadhara ambao ulikuja kuwa msingi wa nadharia ya upokezi. Alishikilia kwamba historia ya fasihi haiwezi kuandikwa kwa kuangalia watunzi na matini pekee. Lazima wasomaji waingizwe. Kila msomaji hukabili kazi mpya akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya yale ambayo tanzu, kazi zilizotangulia na lugha ya wakati wake zimemzoesha kuyangojea. Kazi mpya ama hutimiza matarajio hayo, ama huyakiuka. Umbali uliopo baina ya upeo na kazi ndio unaotuwezesha kuzungumzia upya wa kazi hiyo.

Jauss alikuwa akizungumzia fasihi andishi, lakini hoja yake inahamia kwenye muziki bila taabu. Tunaongeza jambo moja tu. Upeo wa matarajio wa msikilizaji wa kawaida ni mpana na hafifu, kwa kuwa umejengwa na redio, matatu, sherehe na matangazo. Upeo wa shabiki ni mwembamba na mkali, kwa kuwa umejengwa na bendi yenyewe. Msikilizaji wa kawaida akiisikia albamu ya Kid A kwa mara ya kwanza atasikia muziki wa ajabu ajabu. Shabiki atasikia gitaa ambalo halipo. Kutokuwapo kwa gitaa ni jambo linalosikika kwa yule tu aliyelingoja.

Mkataba wa gitaa, 1992 hadi 1997

Wimbo uliowatambulisha ulimwenguni, "Creep", ulitoka mwaka 1992 kisha ukajumuishwa katika albamu ya kwanza, Pablo Honey, ya mwaka 1993. Muundo wake ni sahili: ubeti wa upole, kiitikio cha kishindo. Kati ya viwili hivyo Jonny Greenwood huligonga gitaa lake kwa ghafla, kama mtu anayejaribu kuuvunja wimbo kabla haujafika mbali. O'Brien amewahi kueleza kwamba mwenzake hakuupenda upole wa wimbo huo na alinuia kuuharibu. Kumbe mgongano huo ndio ukawa alama yake. Hapo mkataba kati ya bendi na hadhira uliwekwa: tutakupa magitaa matatu, utulivu kisha dhoruba, na sauti ya Yorke juu yake.

The Bends ya mwaka 1995 iliutimiza mkataba huo kwa ukamilifu. OK Computer ya mwaka 1997 iliunyoosha hadi ukaribie kukatika. Wimbo "Paranoid Android" una zaidi ya dakika 6 na sehemu zisizofanana, mithili ya tungo tofauti zilizoshonwa pamoja. Magitaa bado yalikuwapo, kwa hiyo hadhira iliridhika na albamu ikasifiwa kote.

Wengi husimulia kwamba mabadiliko ya mwaka 2000 yalizuka kama radi. Tunatofautiana nao. Shabiki aliyesikiliza kwa makini mwaka 1997 alikuwa na dalili mbili mkononi. Ya kwanza ni wimbo wa ufunguzi, "Airbag", ambamo upigaji ngoma wa Selway ulirekodiwa, ukakatwakatwa kwa mashine na kuungwa upya, chini ya athari za mwanamuziki wa Marekani DJ Shadow. Ya pili ni "Fitter Happier", ambamo hakuna mwimbaji kabisa: maneno yanasomwa na sauti bandia ya kompyuta ya Macintosh. Wasikilizaji wengi waliuruka wimbo huo ili wafikie unaofuata. Ni kosa linaloeleweka, lakini mhakiki anayeruka kurasa hana haki ya kulalamika baadaye kwamba msuko umemshangaza.

Mwaka 2000

Ziara iliyofuata OK Computer ilimchosha Yorke hadi akakaribia kuacha kazi hiyo. Filamu ya Grant Gee, Meeting People Is Easy (1998), inaonyesha uchovu huo bila kuupamba. Bendi ilipoingia studio mwaka 1999, Yorke hakutaka tena mahadhi yaliyozoeleka wala gitaa. Alitaka mapigo na rangi. Kwa muda mrefu alikuwa akisikiliza muziki wa kielektroniki wa kina Aphex Twin na Autechre. Wenzake hawakujua la kufanya. Katika bendi yenye wapiga gitaa watatu, mpiga gitaa afanye nini pale ambapo gitaa halitakiwi? Walirekodi Paris, Copenhagen, Gloucestershire na nyumbani Oxford, huku wazo la kuvunjika likiwanyemelea. Mtayarishaji wao, Nigel Godrich, alifikia hatua ya kuwagawa katika makundi mawili: moja litoe sauti au mfuatano fulani bila ala za kawaida, la pili liuchukue na kuuendeleza.

Albamu iliyozaliwa, Kid A, ilitoka Oktoba 2000. Inafunguka kwa "Everything in Its Right Place": kinanda cha umeme, sauti ya Yorke iliyokatwa vipande na kurudishwa ikiwa imepinda, na mapigo yanayojikunja kwa makumi badala ya manne yaliyozoeleka. Gitaa halisikiki. Kiitikio cha aina ya "Creep" hakipo. Kuna kauli chache zinazorudi na kurudi, karibu na kile ambacho katika ushairi tungekiita takriri kuliko kiitikio. Katika "The National Anthem" besi moja inakariri mfululizo hadi kundi la wapuliza tarumbeta linapoivamia kwa vurugu iliyopangwa, kwa mfano wa Charles Mingus, bingwa wa jazi. Katika "How to Disappear Completely" zimo nyuzi za okestra zilizorekodiwa katika kanisa la kale la Dorchester, pamoja na ondes Martenot, ala ya umeme ya Kifaransa ya miaka ya 1920 ambayo Jonny Greenwood alijifunza kuipiga.

Wimbo "Idioteque" unastahili kutulia kidogo. Greenwood alimpa Yorke rekodi ndefu ya majaribio yake. Katikati ya fujo hiyo kulikuwa na kipande kifupi kutoka kwa kazi ya Paul Lansky, mtunzi wa Marekani, aliyeiunda kwa kompyuta mwaka 1973. Yorke alikinyofoa kipande hicho na wimbo ukajengwa juu yake kwa midundo ya mashine. Lansky aliombwa ruhusa, naye akairidhia. Mwanafunzi wa fasihi ataona mara moja kwamba tunazungumzia mwingilianomatini katika maana yake halisi kabisa: matini ya mwaka 1973 imo ndani ya matini ya mwaka 2000, inapumua, na msikilizaji asiyejua huidhania kuwa mpya.

Je, mashabiki walipokeaje? Katika majira ya kiangazi ya mwaka huo, kabla albamu haijatoka, bendi ilizicheza nyimbo hizo jukwaani katika nchi zinazopakana na bahari ya Mediterania. Wasikilizaji walirekodi na kusambaziana kwa njia ya Napster, mtandao uliowawezesha watu kubadilishana muziki kwenye intaneti. Colin Greenwood alisimulia baadaye kwamba onyesho la Barcelona lilifika mtandaoni mara moja, na wiki chache baadaye, walipopiga nchini Israeli, hadhira iliyajua maneno ya nyimbo ambazo hazikuwa zimechapishwa popote. Hilo ni jambo zito. Watu hao hawakungoja kuambiwa na wakosoaji kama sauti mpya ilikuwa nzuri. Walikuwa wamekwisha kuikariri.

Wakosoaji waligawanyika. Jarida la Melody Maker liliibeza. Mwandishi wa riwaya Nick Hornby, ambaye High Fidelity yake (1995) yenyewe inahusu watu waliolewa muziki, aliandika katika The New Yorker kwamba albamu hiyo inadai subira ya waumini, na kwamba subira ya namna hiyo huadimika mtu anapoanza kutafuta riziki. Tunamheshimu Hornby, na mtu yeyote aliyejaribu kusoma diwani nzima baada ya siku ya kusahihisha mitihani anajua anachokisema. Hata hivyo, hoja yake inathibitisha yetu kuliko anavyodhani. Anachokitaja kama udhaifu wa albamu, yaani kuhitaji kurudiwa na mtu aliyejitolea, ndicho tunachokidai kwa kila matini tunayoiita ya kifasihi. Aidha, waumini hawakuwa wachache: albamu hiyo, isiyo na wimbo hata mmoja uliouzwa peke yake wala video za kawaida za kuinadi, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani katika juma lake la kwanza.

Tunalolijua kutoka Nagona

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kusoma habari hii bila kumkumbuka Euphrase Kezilahabi. Wengi watakimbilia mfano wa Kichomi (1974) na ule ubishi mrefu kuhusu vina na mizani. Kwetu sisi mfano huo haufai sana, maana ubishi ule ulikuwa kati ya kambi mbili: wanamapokeo walikuwa na upeo wao, wanamabadiliko wao. Mfano ulio karibu zaidi ni wa riwaya. Msomaji aliyemfuata Kezilahabi kutoka Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979) alikuwa amezoeshwa kukuta wahusika wenye jina na kijiji, na msuko unaokwenda mbele. Kisha zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambamo mahali hapashikiki na wakati haufuati mstari. Mtunzi alikuwa yule yule, na msomaji yule yule.

Anayekutana na Nagona bila kusoma kazi zilizotangulia huona fumbo tu. Aliyezisoma huona zaidi: yale maswali ya Kichwamaji kuhusu maana ya kuishi hayakwenda popote, yamevuliwa nguo za uhalisia yakabaki uchi. Furaha ya kuligundua hilo ni furaha ya shabiki. Hatuoni ni kwa namna gani inaweza kutengwa na uhakiki, kwa kuwa bila ya mapenzi yaliyomfanya asome zote, asingalikuwa na cha kulinganisha.

Pale shabiki anapokosea

Mpinzani wetu wa semina ana haki mahali pamoja, na afadhali tumpe. Baada ya Amnesiac (2001) na Hail to the Thief (2003), bendi iliachana na EMI, na mnamo Oktoba 2007 ikatoa In Rainbows kupitia tovuti yake, mnunuzi akijipangia bei mwenyewe. Habari ya bei ilifunika habari ya muziki, jambo la kusikitisha, maana hapo ndipo magitaa yaliporudi yakiwa yamefunzwa adabu na mashine. Kwa maoni yetu ni albamu yao iliyokamilika kuliko zote. Ikafuata The King of Limbs mwaka 2011: nyimbo 8, chini ya dakika 40, zilizojengwa kwa vipande vya midundo vinavyozunguka. Mashabiki wengi waliiona fupi na kavu. Baadhi yao walishindwa kukubali kwamba imekwisha. Walichambua mada za nyimbo, hasa ule wa mwisho, wakasadiki kwamba sehemu ya pili imefichwa na itatolewa wakati wowote. Haikuwapo.

Hapo upeo wa matarajio uligeuka kuwa ukuta. Badala ya kuisikia kazi iliyopo, shabiki aliisikiliza ile aliyoitamani. Tofauti kati ya kisa hiki na kile cha mwaka 2000 ni ndogo lakini ina uzito: msikilizaji wa Barcelona alilisikia pengo akaliacha liwe sehemu ya wimbo, wa mwaka 2011 alilisikia pengo akaenda kutafuta cha kulijaza.

Wimbo mmoja, miaka 21

Tumalizie kwa mfano ambao mwanafunzi anaweza kuufanyia kazi mwenyewe. Wimbo "True Love Waits" ulichezwa jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Bendi ilijaribu kuurekodi studio mara kadhaa bila kuridhika. Mashabiki waliupenda kwa rekodi za kunong'onezana, hadi toleo la jukwaani lilipochapishwa mwaka 2001 katika I Might Be Wrong: Yorke peke yake na gitaa la kawaida, analipiga kwa nguvu, hadhira ikishangilia. Toleo la studio lilikuja mwaka 2016, likiufunga mkusanyiko wa A Moon Shaped Pool. Kutoka 1995 hadi 2016 ni miaka 21.

Maneno ni yale yale kwa kiasi kikubwa, na mahadhi pia. Gitaa limeondolewa. Mahali pake pana piano, kwanza moja, kisha nyingine zinazoongezeka juu yake, kila moja ikidondosha noti kwa mwendo wake bila kuingojea nyenzake, kama matone baada ya mvua. Mapigo yaliyousukuma wimbo mbele mwaka 2001 hayapo, na mwimbaji anabaki bila cha kuegemea. Toleo la kwanza ni la kijana anayemsihi mpenzi wake akiamini kwamba atasikilizwa. La pili linasihi kwa maneno hayo hayo, lakini anayesihi anaonekana kujua jibu. Hakuna neno la wimbo linalotuambia hivyo. Limesemwa na rangi ya sauti.

Wapo mashabiki wanaolipendelea toleo la 2001 hadi leo, na hoja zao si dhaifu. Tunapendekeza mwanafunzi asikilize rekodi hizo mbili kwa mfuatano wa miaka, aandike ukurasa mmoja kuhusu ile ya pili bila kugusia maneno yake, kisha amtafute mwenzake asiyeijua bendi hii kabisa, amsikilizishe ya 2016 kwanza na ya 2001 baadaye, na alinganishe ukurasa wa mwenzake na wake.